Warszawa, mji uliopimwa kabla haujavunjwa

Ukikulia Tengeru kama mimi, neno Poland unalisikia kabla hata hujaijua ramani ya Ulaya, kwasababu kuna makaburi. Yako pale ndani ya eneo la chuo, makaburi ya Wapolandi, misalaba imepangwa vizuri na majina marefu yenye herufi z na w nyingi, tukiwa watoto tulikuwa tunashindana kuyasoma. Bibi yangu alikuwa msichana mdogo walipokuja mwaka 1942, alikuwa anatuambia walifika wamekonda, wanawake na watoto ndio wengi, wanaume wachache sana, wakawekwa kwenye vile vibanda vya duara vilivyoezekwa majani, na baada ya muda si mrefu ukipita nje ya kambi unaona wameshapanda maua mlangoni. Hilo la maua bibi hakuwahi kulisahau. Alikuwa anasema mtu aliyepoteza kwao anapanda ua kwanza au mboga? Hawa walipanda vyote.

Baadae nikajasoma kwamba kambi ya Tengeru ilikuwa na watu karibu 5,000 na kulikuwa na nyingine Kondoa, Ifunda, Kidugala, Morogoro, na Uganda kule Masindi na Koja. Wengi walitokea mashariki ya Poland, Wasovieti waliwang'oa makwao mwaka 1940 na 1941 wakawapeleka Siberia na Kazakhstan, halafu wakatolewa kupitia Iran, wakapanda meli mpaka pwani yetu. Kwahiyo wengi hawakuwa watu wa Warszawa, mji mkuu wa Poland, nalisema mapema nisichanganye mambo. Lakini kwangu mimi Poland ilikuwa ni ile misalaba tu, na siku mdogo wangu alipopata nafasi ya kwenda kusoma masters huko Warszawa nilijua nitakwenda, nilikuwa nangoja hela tu.

Hela ikapatikana mwaka juzi, nikaenda mwishoni mwa Julai. Na kabla sijaondoka kulikuwa na kikao cha familia kuhusu nyumba ya bibi. Bibi alishafariki, nyumba iko barabarani kabisa, tofali za kuchoma, bati limeshika kutu, na wajomba wanataka ivunjwe zijengwe fremu za biashara. Wakaniuliza na mimi, nikasema sawa, vunjeni. Niliona ni nyumba tu, imechoka, na fremu zitawasomesha watoto.

Basi. Siku ya kwanza mdogo wangu akanipeleka mji wa kale, wenyewe wanaita Stare Miasto. Unashuka kwenye tramu kule chini barabarani, unapanda ngazi za umeme (zilifunguliwa mwaka 1949, fikiria, mji uko magofu matupu na watu wanaweka ngazi za umeme), ukitokea juu uko kwenye uwanja wa Kasri la Kifalme. Kwakweli nilisimama. Nyumba za njano, za pinki, kijani iliyofifia, mapaa ya vigae vyekundu, barabara ya mawe, na katikati nguzo ndefu ya mfalme Sigismund wa Tatu, yule aliyehamisha makao ya ufalme kutoka Kraków kuja hapa, nguzo iliyosimamishwa mwaka 1644. Nikaanza kupiga picha kama mtu aliyelipwa, nikamwambia mdogo wangu wenzetu wametunza vitu, mamia ya miaka hii yote na bado mji umesimama.

Akanijibu taratibu tu, "Dada, hizi nyumba ni umri wa mama."

Nikamwambia unanitania. Mama kazaliwa 1953. Akasema ndio hivyohivyo, 1953, uwanja wa soko wa mji wa kale walifungua Julai ya mwaka huohuo. Halafu akanizungusha pembeni ya kasri kwenye nyasi, pale wamelaza vipande vya nguzo ya zamani ya Sigismund, ile ambayo Wajerumani waliiangusha Septemba 1944. Mawe makubwa yamelala kama magogo, yamebanduka, yana majeraha. Niliweka kiganja changu kwenye shimo moja, vidole vinne viliingia. Ile nguzo iliyosimama uwanjani ina shina jipya, ilirudishwa 1949.

Niseme ukweli wangu, saa ile nilihisi nimedanganywa. Na najua siko peke yangu, watu wengi wakirudi kutoka Warszawa wanasema Old Town ya kule ni feki, ni kama seti ya filamu, nenda Kraków ukaone kitu orijino. Nilishinda siku ile na hilo neno feki kichwani mpaka tulipoingia kasri kesho yake.

Kasri lenyewe lilipigwa mabomu likaungua tarehe 17 Septemba 1939. Saa ya mnara ilisimama saa tano na robo asubuhi. Siku hiyohiyo mtunzaji wa kasri, Kazimierz Brokl, aliuawa akiwa kwenye kuokoa vitu visiungue. Baada ya mji kutekwa, Wajerumani wakatoa amri kasri livunjwe, wakaanza kubomoa ndani na kutoboa matundu ya baruti kwenye kuta, na Stanisław Lorentz aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho ya taifa akawa anaingia na watu wake wanabeba chochote kinachobebeka, fremu za milango, vipande vya plasta zilizochongwa, vibao vya sakafu. Plasta! Mtu anahatarisha roho yake kwa kipande cha plasta. Baruti yenyewe ililipuliwa mwaka 1944 na kasri likabaki kifusi, na likabaki hivyo miaka na miaka mpaka Januari 1971 ilipoamuliwa lijengwe tena, kwa michango ya wananchi. Julai 1974 saa ya mnara iliwashwa upya, na waliiwasha saa tano na robo, dakika ileile iliyosimamia. Vile vipande vya plasta na mawe vilirudishwa kila kimoja mahali pake, kwahiyo ukitembea mle ndani unatembea kwenye ukuta wa miaka ya sabini ambao ndani yake umeshonewa viraka vya kweli.

Halafu kuna chumba cha Canaletto. Huyu jina lake hasa ni Bernardo Bellotto, Mwitaliano, alitumia jina la mjomba wake aliyekuwa maarufu, akawa mchoraji wa mfalme Stanisław August na akafia hukohuko Warszawa mwaka 1780. Michoro 22 ya mitaa ya mji imening'inizwa chumba kimoja. Nilikaa mbele ya mmoja mpaka mlinzi akawa ananiangalia. Ukisogea unaona kila kitu, idadi ya madirisha, nguo zilizoanikwa, mbwa, mwombaji amekaa ngazini, doa la unyevu ukutani chini ya mfereji wa paa. Vita ilipoisha watu waliokuwa wanajenga upya waliitumia michoro hii kama kumbukumbu. Ila Bellotto alikuwa msanii, sehemu nyingine aliongeza urembo ambao haukuwepo, na mji nao uliufuata, na hata wenyewe walichagua kurudi nyuma zaidi, hawakujenga kama ilivyokuwa 1939 bali karibu na karne ya 17 na 18, na katikati ya mitaa zile nyumba za uani zilizokuwa zimebanana hawakuzirudisha, wakaacha mwanga uingie. Ukitaka kulaumu, unayo ya kulaumu.

Lakini kilichonikamata mimi sio Bellotto. Ni kitu nilichokiona kwenye makumbusho madogo mtaa wa Brzozowa, wameyaweka mahsusi kueleza jinsi mji wa kale ulivyorudi. Kumbe kabla ya vita wanafunzi wa usanifu majengo wa chuo cha ufundi cha Warszawa walikuwa wanatumwa kupima nyumba za zamani. Kazi ya darasani tu. Nenda na mwenzako, mmoja ashike huku mwingine huku, pima mlango, pima dirisha, pima unene wa ukuta, chora. Mji ukatekwa, vyuo vikafungwa, na chini ya maprofesa kama Jan Zachwatowicz kazi ikaendelea kwa siri, watu wanapima nyumba huku askari wa adui wako mtaani. Na mji ulipokuwa unamalizwa mwaka 1944 ile michoro ikatolewa mjini ikaenda kufichwa kwenye monasteri kule Piotrków. Februari 1945, wiki chache tu baada ya Wajerumani kuondoka, ofisi ya kujenga upya mji mkuu ikaanzishwa na michoro ilikuwepo.

Hapo neno feki likanitoka. Kwasababu mtu anapima mlango wa nyumba isiyo yake, kwenye mji ambao adui ameshaamua kuufuta, kwa matumaini gani? Kujenga baada ya vita naelewa, kila mtu anajenga, unahitaji pa kulala. Kupima wakati wa vita ndio sikuwahi kuwaza. Nikakumbuka Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilipoanguka upande ile Krismasi ya 2020 na watu wawili wakafa, tulivyolia wote mtandaoni, na mimi nililia, lakini sikuwahi kushika futi kamba kupima chochote katika maisha yangu.

Kuhusu matofali kuna jambo linaniuma kidogo na nisingependa kuliruka. Kulikuwa na msemo wa serikali ya wakati ule, taifa zima linajenga mji wake mkuu, na ni kweli watu walijitolea, walisafisha kifusi kwa mikono, waliokota tofali moja moja. Ila tofali hazikutosha, zikaletwa kwa treni kutoka miji iliyokuwa ya Wajerumani na sasa imekuwa ya Poland, hasa Wrocław, na huko zilivunjwa hata nyumba ambazo zingeweza kurekebishwa. Kwahiyo ndani ya kuta za Warszawa kuna mji mwingine. Sijui mtu wa Wrocław anajisikiaje akija kupiga picha hapa, mimi ningeuliza tofali zetu ni zipi.

Mahali pengine nitapita haraka. Makumbusho ya Warszawa yenyewe yako uwanja wa soko, wameunganisha nyumba 11 kuwa moja, na ndimo alimo nguva orijino, maana alama ya mji huu ni nguva mwenye upanga na ngao, yule wa katikati ya uwanja ni nakala. Jumba la Utamaduni ni lile refu la Stalin, mita 237, panda ghorofa ya 30 uone mji wote. Kanisa la Msalaba Mtakatifu ndani ya nguzo kuna moyo wa Chopin, yule mtunzi wa muziki, mwili uko Paris na moyo dada yake aliuleta nyumbani. Barabarani kuna mabenchi meusi ya mawe ukibonyeza kitufe yanapiga muziki wake, tulikaa hapo na mdogo wangu tunakula pierogi, zile za kuchemsha zinakunjwa kama sambusa ndogo, tulizinunua kwenye bar mleczny ambayo ni mama ntilie wao kabisa, bei rahisi na wazee wengi.

Makumbusho ya uasi wa 1944, pale watu wa Warszawa walipowainukia Wajerumani walioteka mji wao, siwezi kupita haraka. Yalifunguliwa 2004 kwenye jengo lililokuwa la kuzalisha umeme wa tramu, eneo la Wola, na Wola ndiko walikouawa raia kwa maelfu siku za mwanzo za Agosti. Uasi ulianza tarehe 1 Agosti saa kumi na moja jioni ukaenda siku 63, raia kati ya 150,000 na 200,000 wakafa, waliobaki wakafukuzwa mjini, halafu vikosi vya Wajerumani vikapita mtaa kwa mtaa na moto na baruti vinavunja mji ambao hauna tena watu. Ule upande wa kushoto wa mto Vistula karibu asilimia 85 ulikuwa umekwisha. Ndani ya makumbusho kuna ukuta wa chuma unasikika mapigo ya moyo, unayasikia ukiwa hata vyumba vya mbali. Na ukutani wameweka karatasi za kalenda, kila siku ya uasi ina karatasi yake, unachana unaondoka nayo. Nilichana mbili tatu, halafu nikarudi nikazichukua zote nilizoweza kuziona. Kuna filamu fupi pia, ya kompyuta, unaruka na ndege juu ya mji ulivyokuwa mwaka 1945. Mama mmoja wa makamo aliyekaa pembeni yangu alikuwa anataja majina ya mitaa kwa sauti ya chini kila tukipita, na mimi sikuona mtaa wowote, niliona kifusi tu, yeye alikuwa anaiona.

Na kuna huyu ndugu yetu, lazima nimtaje. August Agboola Browne, kazaliwa Lagos mwaka 1895, alifika Poland 1922, alikuwa mpiga drums wa jazz kwenye kumbi za Warszawa. Mwaka 1949 alipojaza fomu ya chama cha wapiganaji wa zamani aliandika kwamba alipigana kwenye uasi, jina la siri Ali. Tangu 2019 ana jiwe dogo la kumbukumbu katikati ya mji kwenye kile kipito chenye maduka, watu wanalipita na mifuko yao ya shopping. Tulisimama hapo wawili, weusi wawili, na mzee mmoja akasimama na yeye, akavua kofia, akaendelea na safari zake.

Siku ya nne tulienda Muranów na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kupima hakumalizi kila kitu. Hapa ndipo palipokuwa ghetto (sio geto letu la masela), mwaka 1940 Wajerumani walijenga ukuta wakawafungia ndani Wayahudi zaidi ya 400,000. Kiangazi cha 1942 zaidi ya 250,000 wakapelekwa kuuawa kwenye kambi ya Treblinka, Aprili 1943 waliobaki wakapigana, na baada ya hapo mtaa mzima ukasawazishwa. Huu haukujengwa kama ulivyokuwa. Mitaa wangeweza kuichora, lakini ya nani? Kifusi kilikuwa kingi kiasi kwamba nyumba mpya zilijengwa juu yake, mpaka leo ukitembea unaona majengo yamekaa kwenye tuta na ngazi za kupandia, na mengine yamejengwa kwa matofali yaliyotengenezwa kwa kifusi kilekile. Kuna watoto walikuwa wanacheza mpira kwenye lile tuta, jioni nzuri kabisa. Nilishindwa kupiga picha.

Mbele ya mnara wa mashujaa wa ghetto, pale kansela Willy Brandt wa Ujerumani alipopiga magoti Desemba 1970, ndipo lilipo jumba la POLIN, makumbusho ya historia ya Wayahudi wa Poland, miaka elfu moja ndani ya jengo moja. Humo kuna dari ya mbao imepakwa rangi buluu na nyekundu, wanyama, maua, maandishi, ni nakala ya dari ya sinagogi la Gwoździec lililopotea, na wameijenga kwa mikono na zana za kizamani. Wamewezaje? Michoro na vipimo vya kabla ya vita. Tena.

Ila kitu kimoja kinachonijia hadi leo nikifumba macho kiko kwenye Taasisi ya Historia ya Kiyahudi, sio mbali na pale. Ni keni ya maziwa. Keni ya chuma, ile yenye masikio mawili, sawasawa na zile wanazobebea maziwa kwetu kwenye pikipiki asubuhi, imeliwa na kutu. Mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake ndani ya ghetto walikuwa wanakusanya kila karatasi, shajara, barua, matangazo, tiketi za tramu, mpaka karatasi za pipi na insha za watoto wa shule, wakazifukia chini kwenye masanduku ya chuma na keni kama hii. Ringelblum aliuawa Machi 1944. Kundi zima waliopona walikuwa 3. Masanduku yalichimbuliwa 1946, keni mbili zikapatikana 1950, na kuna sehemu nyingine ya hazina ile haijapatikana mpaka leo, iko chini ya mji ule mahali. Karatasi ya pipi! Nilisimama pale nikafikiria ni nani anakaa na njaa, anajua kesho anaweza kubebwa, anaikunjua karatasi ya pipi vizuri aiweke, ili mtu asiyemjua aje ajue kwamba hapa watu walikula pipi ya aina hii.

Tarehe 1 Agosti saa kumi na moja jioni tulikuwa barabarani mjini. Ving'ora vikalia mji mzima, magari yakasimama yalipo, madereva wakashuka, tramu zikasimama, watu wakasimama na watoto wao, dakika moja. Mdogo wangu alinishika mkono kama zamani tukivuka barabara kwenda shule. Halafu vikanyamaza na tramu ikaondoka.

Usiku ule nikampigia mjomba mkubwa. Nikamwambia mjomba shikamoo, samahani, nyumba ya bibi naomba msiguse mpaka nirudi. Akauliza una hela ya kuikarabati? Nikasema sina. Akauliza sasa? Nikasema nataka kuipima. Alinyamaza muda mrefu, akasema haya mwanangu, njoo upime.

Niliporudi ndio tukaipima kweli, Jumamosi mbili nzima, mimi na mpwa wangu wa darasa la sita, futi kamba ya mita 5 na daftari la hesabu la mistari ya miraba. Nyumba ina vyumba vitatu na baraza. Mlango wa mbele upana sentimita 76, mwembamba kuliko ya siku hizi, kizingiti kimelika katikati kwa miguu ya watu. Dirisha la jikoni limeinama upande mmoja, tukapima pande zote mbili. Tukahesabu mistari ya tofali ukuta wa mashariki. Jikoni mpwa wangu alikuwa juu ya kiti, akanyoosha kidole akauliza, "Shangazi, na huu msumari tunauandika?" Ni ule msumari bibi aliokuwa anatundikia ungo. Nikamwambia teremsha futi mpaka sakafuni. Akasoma, akaandika mwenyewe kwa mwandiko wake: msumari wa ungo, mita 1 na sentimita 62.